Uta, Nguruwe Mwitu na Jina la Jangili: Historia ya Usasi katika Ufuko wa Nyanza

1. Madhumuni

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza historia ya usasi wa nguruwe mwitu kwa uta na mshale katika nchi inayozunguka Kisumu na ufuko wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, na kuonyesha jinsi maneno yalivyoihifadhi historia hiyo na jinsi yalivyoipotosha. Wataalamu wa historia wameandika mengi juu ya pembe za ndovu na juu ya safari za wawindaji wa Kizungu. Nguruwe mwitu hakupata bahati hiyo. Hana pembe ya kutafutwa na mfanyabiashara wa Mombasa, wala kichwa chake hakikutundikwa mara nyingi katika kumbi za mabwana. Lakini kwa mkulima wa Nyakach, wa Gwassi au wa kando ya kinamasi cha Yala, ndiye mnyama aliyemkosesha usingizi tangu siku ya kupanda hata siku ya kuvuna.

Hoja yetu kuu ni hii. Watu wawili, tuseme mtu na rafikiye, wakitoka Kisumu leo siku ya Jumamosi na nyuta zao na mbwa wawili, wakaenda milimani kumvizia nguruwe anayeng'oa mihogo ya jamaa zao, mbele ya sheria hawaitwi wasasi bali majangili. Mababu zao wakitenda jambo hilo hilo mwaka 1890 walikuwa walinzi wa chakula cha kijiji. Kitendo ni kimoja, mnyama ni yule yule; kilichobadilika ni jina. Basi hapana budi tuulize: nani aliyelibadili, lini, na kwa faida ya nani?

2. Majina ya mnyama

Katika nchi tunayoizungumzia wako nguruwe wa porini wa aina mbili ambao mkulima huwajua vyema. Wa kwanza ni nguruwe mwitu hasa, ambaye hutembea usiku kwa makundi, hujificha mchana katika vichaka na matete, na hufukua viazi vitamu, mihogo, njugu na mahindi. Wa pili ni ngiri, atembeaye mchana, alaye majani kwa kupiga magoti, na kulala katika mashimo yaliyochimbwa na mhanga. Mkulima humwogopa zaidi wa kwanza, kwa sababu kundi moja laweza kumaliza kishamba kwa usiku mmoja.

Neno la Kiswahili nguruwe ni la asili ya Kibantu, na ndugu zake wako katika lugha nyingi: Wakikuyu husema ngũrwe, na Wakamba husema ngũlũe. Lakini pwani ya Nyanza tunakutana na mzizi mwingine. Waganda humwita nguruwe embizzi, Wagusii embeche, na namna za neno hilo zimo katika lahaja za Kiluhya. Sasa tuitazame lugha ya Kijaluo, yaani Dholuo, ambayo si ya Kibantu bali ni ya Kinailoti. Mjaluo humwita nguruwe mwitu mbidhi. Yamkini neno hili lilitwaliwa kutoka kwa majirani wa Kibantu, kwani umbo lake linakaribiana mno na embizzi. Nguruwe wa kufugwa, aliyefika baadaye, huitwa anguro, na hapo tunausikia mwangwi wa nguruwe.

Ushahidi huu unaafikiana na historia. Bethwell Ogot, katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya historia ya Wajaluo wa kusini, alieleza jinsi makundi ya Wajaluo yalivyoingia Nyanza kutoka kaskazini na magharibi kwa awamu, tangu yapata karne ya 15 na ya 16, yakianzia pande za Mlima Ramogi. Yaliwakuta huko watu wa Kibantu, wakulima waliokuwa wameijua misitu ile na maadui wa mashamba yake. Mgeni akiingia nchi ya watu, hujifunza kwanza majina ya vitu vitakavyomdhuru. Kama dhana yetu ni sahihi, basi neno mbidhi ni hati ya kihistoria: inatuambia kwamba palikuwa na mazungumzo ya wakulima, kuvuka mpaka wa lugha, juu ya adui waliyeshirikiana kumfukuza.

Liko pia jina la tatu, nalo lina historia ya namna nyingine. Katika misitu ya Nandi, juu ya ukuta wa milima unaoonekana kutoka Kisumu, huishi nguruwe mkubwa mweusi wa msituni. Wenyeji walimjua tangu zamani. Mwaka 1904 mtaalamu mmoja wa London, Oldfield Thomas, alimwandika katika orodha ya sayansi kwa vielelezo vilivyopelekwa na ofisa wa jeshi la Kiingereza, Richard Meinertzhagen, na mnyama akapewa jina la ofisa huyo: Hylochoerus meinertzhageni. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Oktoba 1905, ofisa huyo huyo alimpiga risasi na kumwua Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, katika mkutano ulioitishwa kwa jina la kutafuta amani. Hivyo msitu mmoja ulitwaliwa mara mbili katika muda wa miaka miwili, kwa kalamu na kwa bunduki.

3. Uta, mkuki na mbwa

Tusidhani kwamba watu wote wa Nyanza walikuwa wapiga mishale kwa kiasi kimoja. Miongoni mwa Wajaluo silaha iliyotukuzwa ni mkuki, tong. Hata katika ngano ya Luanda Magere, shujaa wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, mauti yalimfikia kwa mkuki uliochomwa katika kivuli chake. Inasimuliwa kwamba aligeuka mwamba, na kwamba wasasi walikuwa wakinoa silaha zao juu ya mwamba huo ili wapate bahati ya mawindo. Hata hivyo Kijaluo kina msamiati wake kamili wa upigaji mishale: atung' ni uta, asere ni mshale, dwar ni usasi, na jadwar ni msasi. Rungu nalo huitwa arungu, neno ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa.

Usasi wa nguruwe ulikuwa kazi ya umoja. Mbwa humtoa mnyama kichakani. Watu wenye mikuki humzuia njia. Mwenye uta hukaa upande wa chini ya upepo akivizia. Nguruwe mwitu akijeruhiwa ni hatari, maana meno yake hupasua paja la mtu au tumbo la mbwa. Kwa hiyo msasi wa peke yake alikuwa nadra. Alihitaji mwenziwe, na alihitaji kumwamini. Wengine walitumia rima, yaani shimo lililofunikwa matawi, au tanzi katika mapito ya mnyama.

Kiswahili cha pwani kinatupa hazina kubwa zaidi ya maneno ya fani hii. Uta ni neno kongwe la Kibantu, nalo limo pia katika Kikikuyu na Kikamba kwa umbo la ũta. Upinde ni neno lililoundwa kutokana na kitenzi pinda, na leo ndilo lililoshika nafasi katika mazungumzo, hali uta limerudi nyuma na kukaa zaidi katika ushairi na methali. Mti wa mshale ni wano; ncha yake ni chembe au kigumba; kamba ya uta ni upote; mfuko wa mishale ni podo au ziaka. Mijikenda huiita sumu ya mishale utsungu, neno ambalo ni ndugu wa uchungu wa Kiswahili. Na shujaa mkuu wa fasihi ya Kiswahili, Fumo Liyongo, ni mpiga uta: miongoni mwa tungo anazonasibishwa umo wimbo wa kuusifu uta, na katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 anakufa amepiga goti, uta mkononi, watu wakimwogopa kwa kudhani yu hai.

Inafaa kukumbuka kwamba Waislamu wa pwani hawali nguruwe, na hata hivyo wamemsaka. Huko Unguja wasasi wametoka kwa miaka mingi na mbwa wao kuwafukuza nguruwe mashambani. Jambo hili linathibitisha kwamba usasi wa nguruwe haukuwa siku zote ulafi wa nyama. Ulikuwa sehemu ya kilimo, kama kupalilia na kufukuza ndege.

4. Sheria inaingia

Reli ilifika ziwani mwezi Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Wakati huo nchi hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka 1902 ikahamishiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki. Lakini sheria ya wanyama ilikuwa imekwisha kuandikwa mbali. Tarehe 19 Mei 1900 wajumbe wa dola za Ulaya zilizotawala Afrika walitia sahihi mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa mwitu, ndege na samaki wa Afrika. Hakuna Mwafrika aliyeketi katika meza hiyo. Mkataba uliwagawa wanyama katika orodha. Simba, chui, fisi na mamba walihesabiwa kuwa waharibifu wapasao kupunguzwa. Nguruwe wa aina mbalimbali, ambao mkulima angewatia katika orodha hiyo kabla ya simba, waliwekwa miongoni mwa wanyama wasiopasa kuuawa ila kwa idadi ndogo. Aidha mkataba ulilenga kukomesha nyavu na mashimo, yaani zana za mtu asiye na bunduki.

Sheria zilizofuata katika Kenya zilijengwa juu ya msingi huo. Idara ya Wanyama ilianzishwa mwaka 1907. Leseni ya mwindaji mgeni iligharimu rupia 750, na ya mlowezi rupia 150. Tulinganishe na kodi ya nyumba, ambayo kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza ilikuwa rupia 3 kwa mwaka: leseni moja ya mgeni ilitosha kulipa kodi ya nyumba moja kwa miaka 250. Kwa hiyo sheria haikuhitaji kutamka kwamba Mwafrika asiwinde. Bei ilitamka kwa niaba yake. Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alipopita Kisumu mwezi Desemba 1909 akielekea Uganda, yeye na mwanawe walikuwa katikati ya safari ambayo hatimaye waliua wanyama 512. Huyo aliitwa mwindaji na mpenzi wa viumbe.

Kinyume kikubwa zaidi kilikuwa katika magonjwa. Mwaka 1921 R. Eustace Montgomery alieleza kwa mara ya kwanza, kutokana na uchunguzi wake wa Kenya, homa ya nguruwe iliyokuwa ikiwaua nguruwe wa walowezi. Ikabainika kwamba nguruwe wa mwitu huibeba pasipo kuugua. Kadhalika malale, ambayo yaliwaua watu zaidi ya 200,000 katika pwani za Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, yalisumbua pia bonde la Lambwe, kusini mwa Ghuba ya Winam. Uchunguzi wa damu inayonyonywa na mbung'o wa bonde hilo ulionyesha kwamba nguruwe mwitu na pongo ni miongoni mwa wanyama wanaomlisha zaidi mdudu huyo. Katika Uganda na Rhodesia ya Kusini serikali ziliajiri wapiga bunduki kuua wanyama kwa maelfu ili kumnyima mbung'o chakula. Basi kuua mnyama hakukuwa kosa kwa nafsi yake. Kilichokuwa kosa ni kumwua kwa amri yako mwenyewe.

5. Uta wa mgeni

Mtu angeweza kujibu kwamba kilichokatazwa ni ukatili wa zana za kienyeji. Historia inakanusha hoja hiyo kwa mfano mmoja.

Mwezi Agosti 1911 alionekana katika mji wa Oroville, California, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi, ambaye watu wake walikuwa wameangamizwa na walowezi. Alipewa jina la Ishi, akawekwa katika jumba la makumbusho la chuo kikuu. Daktari wake, Saxton Pope, alijifunza kwake kuchonga uta na kuwinda kwao. Ishi alifariki mwaka 1916. Mwaka mmoja kabla ya hapo Edward Sapir alikuwa ameketi naye kuiandika lugha yake, ambayo hapakuwa na mwingine wa kuisema. Mwaka 1923 Pope alitoa kitabu juu ya uwindaji wa uta na mishale, na mwaka 1925 yeye na rafikiye Arthur Young wakaja Tanganyika kupiga simba kwa mishale. Habari zao zilisomwa kwa furaha, na chama cha wapiga uta cha Marekani kilichoundwa mwaka 1961 kikachukua majina yao. Katika miaka ya 1956 na 1957, huku kwetu Tsavo, Wawaata, ambao nyuta zao zilihesabiwa miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote duniani, walisakwa kwa ndege na magari katika kampeni ya serikali, wakafungwa, na nyuta zao zikatwaliwa. Ni kweli kwamba Wawaata waliua ndovu wengi na kwamba wafanyabiashara waliwatumia. Lakini uta ulikuwa ule ule: mkononi mwa daktari ulikuwa ufundi, mkononi mwa Mwaata ulikuwa ushahidi wa hatia.

Nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamili Marekani niliona mwenyewe matunda ya urithi huo. Mwanafunzi mwenzangu alinialika kwao Texas, Jumamosi na Jumapili, kumwinda nguruwe wa porini kwa uta. Nguruwe wa huko ni uzao wa waliofugwa, walioletwa bara lile na Wahispania tangu karne ya 16, nao huharibu mashamba kama wetu. Tulikaa juu ya mti saa nyingi, yeye na uta wake wenye magurudumu madogo, mimi na darubini. Hakupata kitu, wala hakusikitika. Kilichonishangaza ni lugha yake: alikuwa na jina kwa kila sehemu ya mshale, kwa kila namna ya alama ya ukwato, na aliyatamka bila hofu mbele ya askari wa wanyama aliyesimama kutusalimu. Kwetu ningempata wapi kijana wa miaka 25 mwenye msamiati huo, anayethubutu kuusema hadharani?

6. Kutoka msasi hata jangili

Baada ya uhuru sheria za kikoloni hazikufutwa, bali zilirithiwa na kurekebishwa. Lambwe ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, na mwaka 1983 ikawa Mbuga ya Taifa ya Ruma, kilomita za mraba zipatazo 120, makao ya korongo wa mwisho wa Kenya. Mwaka 1976 ilipitishwa sheria mpya ya wanyama wa porini, na mwezi Mei 1977, miaka 77 kamili baada ya mkataba wa London, serikali ilipiga marufuku uwindaji kwa jumla. Sababu ilikuwa ya haki: ndovu walikuwa wakichinjwa. Waliokadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973 walibaki 16,000 mwaka 1989. Shirika la Wanyamapori liliundwa mwaka huo wa 1989. Sheria ya mwaka 2013 ilienda mbali zaidi, ikataja waziwazi kwamba hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo ni kosa.

Hatusemi kwamba marufuku hiyo ilikuwa kosa. Ndovu, kifaru na korongo wasingalibaki bila ya ulinzi mkali. Tunasema kwamba sheria iliyotungwa kwa sababu ya pembe ilimfunika pia mtu wa mihogo, na kwamba lugha iliisaidia kufanya hivyo kimyakimya.

Tulitazame neno lenyewe. Jangili si la asili ya Kibantu wala ya Kiarabu; limetoka Bara Hindi, ambako neno lililolizaa lina maana ya kitu au mtu wa porini, asiyestaarabika. Katika Kiswahili lilitumika kwa mhalifu na mtu mbaya, kisha likamshukia mwindaji asiye na kibali. Likazaa ujangili, na leo magazeti hulitumia kwa mtu mwenye bunduki ya rashasha anayesafirisha pembe nje ya nchi, na kwa mzee aliyekutwa na paja la nguruwe. Msasi lina heshima. Hata methali yasema msasi haogopi miiba. Jangili halina methali ya kulisifu. Wakati huo huo mlinzi wa sheria alipata jina la ukuu: katika Tanganyika ya kikoloni ofisa wa wanyama aliitwa Bwana Nyama. Katika jina hilo yule aliyekuwa mali ya msitu na kitoweo cha kijiji amekwisha kuwa na bwana.

Matokeo yake katika lugha za ufuko wetu ni mazito. Mtu hafundishi mwanawe maneno yatakayompeleka kizuizini. Miongoni mwa Wasuba wa Gwassi, Rusinga na Mfangano hasara ni maradufu, maana wengi wao wamekwisha kuiacha lugha yao ya Kibantu na kusema Kijaluo, na msamiati wa msituni hauna kinywa katika lugha mpya wala usalama katika ile ya zamani. Kijana wa Kisumu humjua swala kwa kumtazama katika hifadhi ya mjini iliyotengwa mwaka 1992, na kisiwa cha Ndere, mbuga tangu 1986, hukijua kwa matembezi ya Jumapili. Nguruwe mwitu hamjui, ila kwa shangazi yake wa shambani anayekesha akipiga debe.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba majina ya nguruwe katika lugha za Nyanza ni kumbukumbu ya ujirani wa watu. Kwamba majina ya kisayansi na ya kisheria yaliyowekwa juu yake ni kumbukumbu ya kutawaliwa. Na kwamba kuhama kutoka msasi hata jangili hakukuwa mabadiliko ya maana tu, bali hukumu iliyotolewa kwa tabaka zima la watu wasio na leseni.

Kutokana na hayo, mambo mawili yanatupasa sisi wa idara za lugha. La kwanza, tunapotunga kamusi na vitabu vya historia tusimwite jangili kila aliyewahi kushika uta. Mwindaji wa mwaka 1890 hakuvunja sheria ambayo ilikuwa haijaandikwa, na mlinda shamba si mchuuzi wa pembe. La pili, tuwatafute wazee wa Nyakach, Gem, Gwassi na Mfangano, tuyaandike majina ya sehemu za uta, ya miti inayochongwa, ya nyayo, ya mbwa na amri zao, pasipo kumtia mtu yeyote hatiani. Wahenga walisema mshale kwenda msituni haukupotea. Ni kweli, maadamu yupo aliyeuona ulikoangukia. Na wazee wanaokumbuka ni wachache, nao wanapungua kila mwaka.